Kichwa cha Mjomba



Siku niliyokubali kwamba nina upara ilikuwa katika kipindi cha Mantiki. Padre anayetufundisha alikuwa anaeleza mafumbo ya Eubulides wa Mileto, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo aliyependa kuwatatiza wenzake. Chukua mtu mwenye nywele nyingi, alisema padre, umng'oe unywele mmoja. Je, amekuwa na upara? Hapana. Mng'oe mwingine. Bado. Endelea hivyo, na kila mara utajibu hapana, kwa sababu unywele mmoja hauwezi kumfanya mtu awe na upara. Mwishowe hana hata mmoja kichwani, nawe bado unakataa. Basi mpaka uko wapi?

Darasa lilikuwa kimya, kisha nikasikia viti vinalia. Mafrateri wa safu za mbele walikuwa wanageuka, mmoja baada ya mwingine, kuniangalia mimi. Padre akatazama walikotazama, akajizuia, akashindwa, akacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, na usiku sikulala vizuri.

Nina umri wa miaka 25, nipo mwaka wa tatu wa falsafa, na nywele zangu zilianza kuniaga nikiwa na miaka 21. Sikujua mapema kwa sababu nilikuwa JKT, na kule wote mnanyolewa sawasawa, mwenye nywele na asiye nazo. Nilipofika nyumba ya malezi na kuziacha zikue ndipo nikaona kwamba haziotei kila mahali. Pembe mbili za paji la uso zilirudi nyuma kwanza, huo ndio wazee wanauita uwaraza, halafu utosi nao ukaanza kung'aa. Ukiwa na miaka 50 jambo hilo si habari. Ukiwa na miaka 22, na jirani yako wa kitanda ana 24 na nywele kama msitu, ni habari kila asubuhi mbele ya kioo cha bafuni.

Majina nimepewa mengi. Lililodumu ni "Monsinyori". Katika parokia niliyotumwa kwa utume wa mwisho wa juma, mama mmoja wa umri wa mama yangu alinipokea kwa heshima zote: "Shikamoo Padre." Nilipomwambia mimi ni frateri tu, tena wa falsafa, alinitazama kichwani akasema, "Basi wamekuchelewesha sana, baba."

Kwetu watu husema upara ni dalili ya pesa. Ni utani, lakini utani una mpaka wake. Mwaka 2017 polisi wa jimbo la Zambezia, jirani zetu wa Msumbiji, walitoa tahadhari kwa wanaume wenye upara baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini kuwa vichwa hivyo vina dhahabu. Niliposoma habari ile sikutaniwa tena nikacheka kwa namna ileile.

Mama yangu alipoona hali yangu alisema neno moja: "Umewafuata wajomba zako." Wazee wengi husema hivyo, na hawajakosea sana. Moja ya vinasaba vikubwa vinavyohusika na upara wa wanaume hutoka kwa mama. Lakini vingine vingi hutoka pande zote mbili, hivyo marehemu baba naye ana mchango wake, ingawa hakuna anayemtaja. Chanzo chenyewe ni homoni ya kiume. Mwili huibadilisha testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, na kwa wale waliorithi udhaifu huo, homoni hiyo hulifanya shina la unywele lisinyae kidogo kidogo. Kila unywele unaoota ni mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka unabaki kama unyoya wa kifaranga. Aristotle alishaona zamani kwamba watoto na matowashi hawapati upara. Hakujua kuhusu homoni, lakini jicho lake lilikuwa zuri.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mwenye upara mkubwa katika ukoo wetu. Anaishi Ifakara, analima mpunga, na kichwa chake hakina kitu tangu nimfahamu. Pale kijijini wanamwita Bosi, ingawa bosi mwenyewe anaendesha baiskeli isiyo na breki. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, mjomba ndiye aliyenilipia kila kitu. Nilikuwa nampenda, na sikutaka kufanana naye. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

Nilianza na dawa za bure. Juisi ya kitunguu maji, kwa mfano. Ipo mitandaoni kote: saga, chuja, paka, kaa nusu saa. Niliipaka Jumamosi moja baada ya kazi za mikono, na bweni zima likafungua madirisha, pamoja na baridi yote ya huku mlimani. Nikaja mafuta ya nyonyo, kisha maji ya karafuu aliyonichemshia dada yangu. Nywele nilizokuwa nazo zilinawiri. Nilizopoteza hazikurudi.

Nilitafuta faraja katika Maandiko pia, kama inavyompasa frateri. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, kinaeleza habari za nabii Elisha aliyetaniwa na vijana kwa sababu ya upara wake. Akawalaani, na dubu wawili wakatoka msituni wakawararua 42 kati yao. Nakiri kwamba niliisoma sura ile mara kadhaa nikiwa na majina ya watu fulani moyoni. Walawi sura ya 13 ni ya upole zaidi: katikati ya sheria za ukoma na madoa ya ngozi, mtu aliyepukutika nywele anatangazwa kuwa safi. Ana upara, basi, hana unajisi. Nikagundua pia kwamba Synesius wa Kirene, mwanafalsafa wa Afrika ya Kaskazini aliyekuja kuwa askofu mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kitabu kizima cha kuusifu upara, akimjibu mwandishi wa kale aliyekuwa amezisifu nywele. Na kwa karne nyingi kijana aliyepokelewa katika hali ya ukleri alikatwa nywele na askofu. Watawa wengi walinyolewa utosi wote wakaachiwa duara tu. Papa Paulo VI aliiondoa desturi hiyo mwaka 1972. Nilichelewa kuzaliwa.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, anajiuliza kwa makini kabisa nywele zetu zitakuwaje siku ya ufufuko. Katika nyongeza ya Summa, iliyokusanywa baada ya kifo cha Mtakatifu Thoma wa Akwino, swali hilo linarudi, na jibu ni kwamba nywele zitafufuka pia kwa ajili ya uzuri wa mwili. Nilimsomea jirani yangu wa kitanda. Akasema, "Basi vumilia. Haiko mbali."

Faraja hizi zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyofika asubuhi.

Mwezi Septemba mwaka juzi, kabla ya kurudi seminari, mjomba aliniita uani. Alikuwa ameuza magunia mawili ya mpunga. Akanipa shilingi 180,000 zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akasema ni za viatu, suruali nyeusi na vitabu. "Viatu vizuri," alisisitiza. "Usije ukasimama altareni na viatu vinavyocheka." Vile nilivyokuwa nimevaa vilikuwa vinacheka kweli, soli ya mguu wa kulia ilishaachana na ngozi.

Njiani kurudi nilishuka mjini, nikaenda duka la dawa, nikanunua chupa ya minoksidili kwa shilingi 45,000.

Historia ya dawa hii inafurahisha. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaanza kuota nywele, hata mahali wasikozitaka, na mtu mwenye akili ya biashara akaona kwamba madhara hayo yana wateja. Mwaka 1988 Marekani ikaruhusu itumike kama maji ya kupaka kichwani kwa ajili ya upara. Unapaka mililita moja asubuhi na mililita moja jioni, hivyo chupa ya mililita 60 ni ya siku 30. Na haikubali mzaha. Ukiacha, ndani ya miezi michache nywele zilizoota zinakwenda zake. Ni dawa ya maisha yote.

Nikapanga ratiba yangu. Ya asubuhi nilipaka kabla ya Masifu ya Asubuhi, ya jioni nilipaka kabla ya Masifu ya Jioni. Katika miezi minne sikukosa hata mara moja. Nawaachia ninyi mhesabu ni mara ngapi katika miezi hiyohiyo nilisinzia wakati wa tafakari, na mara ngapi nilifika kanisani zaburi ya kwanza imekwisha kwa sababu nilikuwa nasubiri kichwa kikauke.

Wiki za mwanzo nywele zilipukutika zaidi, nikaogopa. Kumbe ni kawaida, za zamani hupisha mpya. Sikuwa nimesoma kikaratasi mpaka mwisho. Nikanunua chupa ya pili, ya tatu, ya nne. Viatu nilivishona kwa fundi wa getini, mara mbili. Vitabu niliazima.

Mwezi Novemba mjomba alinipigia simu jioni. Alisema amekwenda hospitali kwa ajili ya "mambo ya wazee", lakini ni mzima. Saa ilikuwa inakaribia ya kupaka. Nikamwambia nitamwombea, nikakata.

Mwezi Januari zikaota. Nasema kweli. Jirani yangu alisimama nyuma yangu na tochi ya simu, akatafuta utosini kama mtu anayetafuta mwiba, akasema, "Kumi na moja. Nyembamba, lakini zipo." Nilifurahi kwa namna ambayo leo naona aibu kuieleza. Nilimkumbuka Eubulides. Kama unywele mmoja hauleti upara, na unywele mmoja hauuondoi, kumi na moja zinafanya nini? Kwangu mimi zilifanya mengi. Nilitembea tofauti. Jumapili ile nilisoma somo la kwanza bila kuinamisha kichwa kwa namna niliyokuwa nimejizoeza, ile ya kuwaficha walio kwaya ya juu.

Na chupa ya nne ikaisha. Shilingi 180,000 ukigawa kwa 45,000 ni nne kamili. Hata nauli ya kwenda kununua ya tano sikuwa nayo.

Hapo ndipo nikaanza kuulizia finasteridi. Rafiki yangu wa sekondari anayesomea ufamasia alinitumia picha ya kikaratasi chake. Minoksidili hupakwa nje, finasteridi humezwa, nayo huzuia kile kimeng'enya kinachoibadilisha testosteroni. Yaani inakwenda kwenye mzizi wa jambo. Kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kila siku, na chenyewe ukiacha faida inaondoka. Kikaratasi kilionya kwamba mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwa kuwa kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kikataja huzuni nzito kwa baadhi ya watu. Na kikasema kwamba kwa wanaume wachache, chini ya wawili katika mia kwenye majaribio, hamu ya tendo la ndoa hupungua. Wapo pia wanaosema tatizo hilo liliendelea hata baada ya kuacha.

Jirani yangu alikisoma juu ya bega langu. Akapiga kofi gotini. "Frateri! Hayo unayaita madhara? Dawa hii ingegawiwa bwaloni pamoja na uji!"

Tulicheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Utani ule ukazunguka bweni lote. Kwa siku kadhaa kila aliyenikuta ananiuliza kama nimeleta za kutosha wote. Lakini nilipobaki peke yangu nikaona kwamba nimeupokea kama hoja. Kwa nini nisinywe? Nywele zinarudi, na ule usumbufu ambao kila frateri anaujua, ingawa hatuandiki juu yake katika magazeti kama haya, unapungua. Ikawa nampelekea Mungu nidhamu iliyotoka dukani.

Nikaenda kwa baba wa kiroho. Nilimweleza yote, nikidhani atanikemea kwa ubatili wa kupenda sura. Hakukemea. Alisema kuna watu wanatibu meno yaliyopinda, wengine wanavaa miwani ya kupendeza, na nywele si uchafu. Kuhusu kidonge alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona kuku anayeletwa kwenye matoleo.

Nikasema ndiyo, kila Jumapili.

"Anakuwaje?"

"Anapiga kelele, baba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Misa inaisha."

"Umewahi kuona mkristo anamchinja kwanza nyumbani, ili asisumbue altareni?"

Sikujibu. Akasema ameishi useja miaka mingi na kuku wake bado anapiga kelele. Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akauliza: "Hizo chupa nne, fedha ulipata wapi?"

Nimesoma maadili muhula mzima. Naweza kueleza tofauti ya nia, tendo na mazingira ya tendo. Nilikaa kwenye kile kiti nikashindwa kusema neno "mjomba".

Nilisema baadaye, wiki mbili baadaye. Yeye akaniambia jambo hilo halikai kwake, linakaa Ifakara.

Mpaka mwezi Mei zile nywele kumi na moja zilishaondoka. Jirani yangu alitaka kupima tena kwa tochi, nikamwambia asijisumbue.

Likizo ilipofika nilikwenda Ifakara mwishoni mwa Juni, wakati wa kupura mpunga. Nilikaribishwa chumba cha mbele, kinachotazama uani. Usiku wa kwanza nikasikia mlango unafunguliwa, ndala zinakwenda chooni, zinakaa sana, zinarudi. Baada ya muda zikaenda tena. Nilihesabu mara sita. Asubuhi mjomba alikuwa wa kwanza shambani, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nilimuuliza mjomba-mke. Ni tezi dume, akasema. Wamempa vidonge tangu mwezi wa kumi na moja. Akaingia ndani akaleta kopo la majani ya chai ambamo walikuwa wanavitunza, akanipa karatasi ya dawa nisome vizuri, kwani macho yake hayaoni maandishi madogo.

Finasteridi, miligramu 5.

Nilijua historia yake kwa moyo, nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Mwaka 1992 Marekani iliiruhusu kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, kwa kipimo hicho cha 5. Mwaka 1997 ikairuhusu kwa kipimo cha 1 kwa ajili ya upara. Ni dawa ileile. Inachukua miezi kadhaa, mara nyingi sita, kuisinyaza tezi, na lazima inywewe kila siku. Kwenye karatasi ile kulikuwa na tarehe ya kununuliwa na idadi. Vilivyobaki vilikuwa vingi mno.

"Anakunywaje?" nikauliza.

"Siku moja anakunywa, siku moja anapumzika. Anasema vikiisha haraka tutauza nini."

Nilimkuta mjomba uani jioni, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilianza mbali, nikamweleza kwamba dawa yake hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, watu wanaitumia kuotesha nywele. Akaacha mnyororo, akapitisha kiganja chenye grisi juu ya kichwa chake kutoka mbele mpaka kisogoni.

"Mbona mimi haijaotesha?"

Nilimwambia kwamba shina likishasinyaa miaka mingi halirudi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za shamba la jirani. Nikaona nikingoja zaidi sitasema. Nikamwambia habari za magunia mawili, moja kwa moja, chupa kwa chupa, na kwamba nilitumia fedha ile kwa sababu sikutaka kuwa na kichwa kama chake. Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Halikuwa lazima. Lakini lilikuwa la kweli, na nilikuwa nimechoka kulibeba.

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walikuwa wanaingia bandani.

"Vile viatu niliviona," akasema. "Ulipovivua mlangoni juzi. Nikajisemea, vipya amevitunza kwa ajili ya Misa."

Ndugu msomaji, nimewahi kuadhibiwa, JKT na seminari, na hakuna adhabu iliyonipata kama kujua kwamba siku mbili nzima alikuwa ameniwazia mema.

Hakuniambia amenisamehe. Si mtu wa maneno hayo. Alinipa spana nishike upande wa pili, tukamaliza mnyororo. Kesho yake nilimshika mkono, si kwa mfano, nilimshika mkono kweli, tukaenda hospitali kumuuliza daktari kama kunywa siku moja kuacha moja kunasaidia. Daktari alisema hapana, aanze upya, kila siku. Likizo yote iliyobaki nilifundisha masomo ya ziada kwa watoto wa kidato cha pili wanaojiandaa na mtihani, hisabati na Kiingereza, barazani kwa mjomba, kwa kiingilio kidogo cha kila juma. Fedha ile ilinunua vidonge vya miezi mitatu. Baada ya hapo dada yangu na binamu zangu wawili tuligawana, kila mmoja mwezi wake. Wa Novemba ulikuwa wangu. Nilikata nyasi za jirani wa seminari siku za Alhamisi ya mapumziko, kwa ruhusa ya padre gambera.

Wapo mafrateri watakaonisoma wakiwa na chupa kabatini. Sisemi mmwage. Kama fedha ni yako na mlezi wako anajua, paka. Inaota kweli, niliona kwa macho ya jirani yangu. Mimi mwenyewe bado nikipita kwenye kioo cha bafuni natazama juu kabla ya kutazama usoni, na siku upepo ukivuma wakati wa maandamano ya Ekaristi nakumbuka ule uhuru wa nywele kumi na moja. Finasteridi sijawahi kuinywa. Sijui ningekuwa na nguvu hiyo kama ningekuwa na fedha mwezi ule wa Januari. Nadhani ningeinywa.

Sasa nanyoa kila kitu. Kinyozi wa getini ananitoza nusu, anasema kazi yenyewe ni nusu.

Nampigia mjomba kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ni mwezi wa saba sasa tangu aanze kunywa kila siku. Simuulizi habari za mvua wala za shamba mpaka kwanza nimemuuliza usiku ameamka mara ngapi, naye amezoea, siku hizi anaanza mwenyewe kabla sijauliza. Jumapili iliyopita alisema mbili, na ya pili ilikuwa kwa sababu ya mbwa.